Siku ya kwanza kwa kairopraktiki: mwongozo kwa mwenye mgongo anayetoka Tabora au Kigoma

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, mwaka wa 19 sasa. Nilianzia na cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha duka la watu, na kazi ile humzoesha mtu kukaa kwa namna moja: kichwa mbele, mabega yamepinda, mguu unakanyaga. Kiuno kilianza kuuma kidogo kidogo, nikakizoea. Siku kilipokataa kabisa ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, madera yamejaa mezani. Niliinama kuokota mkasi, sikuinuka.

Jirani alinipeleka kwa mtu anayenyoosha migongo nyumbani kwake. Hakuniuliza umri, hakuniuliza maumivu yameanza lini. Aliniambia nilale kifudifudi mkekani, akapanda juu ya mgongo wangu kwa miguu yake miwili. Nilitoka pale mguu wa kushoto una ganzi hadi kidole gumba, na ganzi ile ilikaa wiki 3. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa Dar es Salaam kwa dada yangu, nilikwenda kwa kairopraktiki. Huyu alikaa nami karibu nusu saa kabla hajanigusa. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakinifuata dukani kuniuliza kulikuwaje, walifanya nini, nguo unavua, panauma. Nimeamua kuyaandika yote kwa utaratibu wake.

Kwanza, huyu kairopraktiki ni nani

Ni mtaalamu anayetibu maumivu ya mgongo, shingo na viungo kwa mikono, hasa kwa kusukuma kiungo kilichokaza kwa msukumo mfupi wa haraka. Taaluma hii ilianzia Marekani, mji wa Davenport katika jimbo la Iowa, mwaka 1895, kwa mtu aliyeitwa Daniel David Palmer. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili za mgongo kukaa vibaya. Sayansi haikuithibitisha imani hiyo na wataalamu wengi wa leo wameiacha, ingawa bado utakutana na wanaoishikilia. Huko mbele nitaeleza namna ya kuwatambua.

Kilichobaki ni kidogo kuliko alichodai Palmer, lakini kina maana: tiba ya mikono huwapunguzia maumivu ya kiuno baadhi ya watu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliitaja tiba hiyo pamoja na mazoezi, kuchuliwa, na kumwelimisha mgonjwa kati ya mambo yanayoweza kutumika. Mwongozo huohuo haukuunga mkono mikanda ya kiuno. Naitaja mikanda kwa sababu naiona ikining'inia kila gulio, na watu wanatoa pesa nyingi kuinunua.

Wataalamu hawa kwetu ni wachache, na kwa mtu wa Kigoma au Tabora, kumwona mmoja kwa kawaida maana yake ni safari ya Dar es Salaam. Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize amesoma wapi na kwa muda gani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo ya mafunzo ya kairopraktiki mwaka 2005 lilisema saa za kufundishwa zisipungue 4,200, na kati ya hizo saa 1,000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya msimamizi. Hiyo ni kazi ya miaka, si semina ya wikiendi. Barani kwetu inafundishwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Mtu aliyesoma kweli hatakasirika ukimuuliza. Ukifika, tazama pia cheti cha usajili ukutani, na kama hakipo, kiulizie.

Mgongo usiopelekwa kwa kairopraktiki

Hapa naomba usome polepole hata kama una haraka ya kufika kwenye kitanda cha tiba, kwa sababu maumivu ya mgongo yana baba wengi, na baadhi yao hawaondoki kwa kusukumwa.

Kuna dharura moja isiyosubiri asubuhi. Mkojo ukikataa kutoka, au ukikutoka bila wewe kujua, au haja kubwa hivyohivyo. Ukipata ganzi sehemu zile zinazokalia tandiko la baiskeli. Miguu yote miwili ikianza kulegea. Dalili hizo zinaonyesha kwamba fungu la neva chini ya uti wa mgongo linabanwa, na likibanwa kwa muda mrefu haliponi sawasawa. Nenda hospitali, iwe Kitete, Maweni au Nkinga, popote palipo karibu, usiku huohuo. Usikandwe, usinyooshwe.

Kifua kikuu nacho huingia mgongoni. Wengi hawajui, kwa sababu wanakijua kwa kikohozi tu. Mtu anaumwa mgongo kwa wiki nyingi, sehemu moja ileile, hata akiwa amelala. Jasho linamtoka usiku, nguo zinamlegea kwa kukonda, na wakati mwingine kinundu kinajitokeza katikati ya mgongo. Pingili iliyoliwa na ugonjwa ikisukumwa inaweza kubomoka na kuukandamiza uti. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na zinatibu. Kuchelewa ndiko kunakowaacha watu na vibyongo na miguu isiyotembea.

Ndugu zangu wafugaji wa Igunga, Uyui na Kaliua, na wote tunaokunywa maziwa mabichi, tuukumbuke ugonjwa wa bruselosisi. Homa inakuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu, kiuno na viungo vinauma. Mtu anatibiwa malaria mara 3, taifodi mara 2, na mgongo uko palepale. Ugonjwa huo hugunduliwa kwa kipimo cha damu hospitalini.

Wengine wa kuanza hospitali: mwenye sikoseli anapopata maumivu ya mifupa, aliyewahi kuugua saratani, mwenye homa isiyoeleweka, mzee ambaye mifupa yake imekuwa laini, aliyetumia vidonge vya predinisolone au deksamethasone kwa muda mrefu, kwani huidhoofisha mifupa, na aliyeanguka. Kwa watu wa Kigoma hapo nawaza wakwezi wa michikichi. Kwa Tabora nawaza bodaboda. Ukianguka na mgongo ukauma, picha ya eksirei inatangulia mkono wa mtu yeyote.

Je, safari yenyewe ina haja?

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kutoka Tabora zaidi ya 800. Ni mwendo mrefu kwa kiuno kinachouma. Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki 6, ukiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi badala ya kulala kitandani. Kwa hiyo kwa wiki za mwanzo ningemshauri mtu abaki nyumbani, aende hospitali ya mkoa, aulizie fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia naye hupima kwa mikono, hufundisha mazoezi, na maswali utakayoulizwa kwake yanafanana sana na haya ninayoyaeleza. Mimi nilikwenda kwa kairopraktiki kwa sababu tayari nilikuwa Dar kwa shughuli za familia. Sikukata tiketi kwa ajili yake.

Ukiamua kwenda, usishuke kwenye basi ukaelekea moja kwa moja kliniki. Baada ya siku nzima au zaidi kwenye siti, mwili mzima umekaza, na atakayekupima atapima uchovu wa safari. Lala usiku mmoja. Njiani, ndani ya treni, inuka utembee kwenye korido kila baada ya muda. Kwenye basi, kila linaposimama shuka hata kama huna cha kununua.

Andika habari za mgongo wako kabla hujaulizwa

Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Jambo hili lilinisaidia kuliko yote, na najua watu wengi wataliruka.

Mjomba wangu wa Mwandiga anakamua mawese. Ukimuuliza anaumwa wapi, anakujibu, "Mgongo mzima." Nilikaa naye jioni moja tukaandika. Kumbe maumivu yako upande wa kulia chini, juu kidogo ya nyonga. Yanaanza saa za mchana baada ya kusukuma mti wa mashine ya kukamulia, ambao huuzungukia upande uleule siku nzima. Ijumaa asipofanya kazi, hayapo. Asubuhi anapoamka anakuwa mzito kwa dakika chache tu. Haya yote alikuwa nayo kichwani, ila hakuna aliyemkalisha akamuuliza. Mtaalamu akiisoma karatasi ile ana pa kuanzia.

Andika lini yalianza na ulikuwa unafanya nini. Yanakaa palepale au yanateremka mguuni, na yakiteremka yanaishia wapi: pajani, chini ya goti, au kwenye vidole? Hilo la goti lina uzito, kwa sababu maumivu yanayovuka goti kwenda chini mara nyingi hutoka kwenye neva iliyobanwa. Kinachoyaongeza: kukaa, kusimama, kuinama, kukohoa? Kinachoyapunguza? Usiku unalala? Asubuhi kukaza kwa mgongo kunachukua dakika 5 au saa nzima? Kijana anayeamka amekaza kwa zaidi ya nusu saa kila siku, kisha akalegea kadiri anavyofanya kazi, anaweza kuwa na ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya mgongo, na huo unahitaji daktari.

Kisha dawa. Zote. Diklofenak za duka la dawa, za presha, za sukari, warfarini kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na mizizi ya mzee wa kijijini pia. Usione haya kutaja kwamba umekandwa, umeumikwa au umechanjwa chale. Anayekutibu anahitaji kujua ngozi na misuli yako vimepitia nini. Kama una mimba, au unahisi huenda unayo, sema mwanzo kabisa, kabla ya picha yoyote.

Nguo, kanga na mtu wa kukusindikiza

Akina mama wa Ujiji na wa hapa kwetu wameniuliza hili kwa sauti ya chini, na nitalijibu kwa sauti ya kawaida: huvui nguo zote. Wengine hutibu juu ya nguo nyepesi, wengine hukupa vazi la hospitali linalofungwa nyuma ili waone mgongo. Vaa kitu laini kinachoruhusu kuinama na kuinua mguu. Suruali ya kitambaa chepesi chini ya dera inafaa sana. Jinzi hazifai. Beba kanga yako mwenyewe ya kujifunika. Una haki ya kuomba mwenzako akae chumbani muda wote, na una haki ya kuuliza kama kuna mtaalamu wa kike. Uliza kwa simu, kwani ukishafika ukaambiwa hayupo utajiona umelazimika. Mimi dada yangu alikaa kitini pembeni ya kitanda tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu bima, usikisie. Uliza kwa simu kama inapokelewa, na kama siyo, ada ya kumwona na ya tiba ni moja au mbili. Chukua eksirei na majibu yote ya zamani, hata yaliyokunjika.

Utakapofika

Utajaza fomu. Huwa ndefu, na sehemu yake ni ya kuridhia tiba. Usitie sahihi kwenye ukurasa wa kuridhia kabla ya kuelezwa unaridhia nini. Jaza hizo nyingine, huo uuache hadi baada ya maelezo. Nilipofanya hivyo msichana wa mapokezi aliniambia hakuna shida, mama, utaweka sahihi kwa daktari.

Kijana aliyenipokea ndani alinisalimu shikamoo, akanionyesha kiti, akakaa usawa wangu. Alisoma karatasi yangu yote kwanza. Akaniuliza nakaaje kwenye cherehani, akataka nimwonyeshe kwa kukaa hivyohivyo pale kitini. Akauliza kuhusu mkojo na haja kubwa bila kupepesa macho, na ninakuomba nawe umjibu bila aibu, kwa sababu ndipo anapoichungulia ile dharura niliyoitaja juu. Aliniuliza pia maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Ukiulizwa hivyo usiseme 10 ili uonewe huruma. Namba hiyo itakuja kulinganishwa na ya wiki ijayo, nayo ikianza na uongo haitakusaidia kujua kama unapona.

Alipouliza nini nataka kuweza kufanya tena, nilijibu, "Kushona saa 2 bila kusimama." Alicheka kidogo akasema tuanze na nusu saa.

Kupimwa

Hii ndiyo sehemu kubwa ya ziara ya kwanza, na wengine humaliza hapo wakakupa siku nyingine ya tiba. Usione umepotezewa nauli. Fundi anayejua kazi hakati kitambaa kabla ya kupima.

Utasimama akuangalie mabega na nyonga, utainama mbele, nyuma, pembeni. Utatembea kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole; asiyeweza kimojawapo, neva fulani imedhoofika, na mpimaji anajua ni ya pingili ipi. Utalala chali, atainua mguu wako ukiwa umenyooka. Mimi wa kushoto ulipofika kama nusu ya njia, umeme ulishuka hadi kwenye unyayo. Kipimo hicho kinaashiria kwamba diski, yaani lile gegedu laini kati ya pingili na pingili, huenda linagusa neva. Atagonga chini ya goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ya mpira aone kama mguu unaruka. Atakuambia usukume kidole gumba juu dhidi ya mkono wake. Atagusa ngozi ya miguu pande zote mbili akikuuliza kama unahisi sawa. Na atapima presha, hasa kama shingo itaguswa.

Mwishoni atapitisha vidole kwenye uti, pingili moja moja. Tunazo 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno. Chini yake kuna zilizoungana, hazichezi. Anatafuta palipokaza na panapouma. Ukiumia, sema umeumia. Kuvumilia kimya hapo kunamnyima habari.

Usidai picha. Najua kwetu mgonjwa aliyetoka bila picha huona hakuhudumiwa. Lakini kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, eksirei mara nyingi haibadilishi tiba, na watu wengi wasioumwa kabisa wakipigwa picha hukutwa na pingili zilizochakaa. Anayemwagiza kila anayeingia apige picha ya mgongo mzima, bila sababu anayoweza kuieleza, mwulize sababu.

Maelezo, kisha ndiyo au hapana

Sasa anatakiwa akuambie amegundua nini, anataka kufanya nini, kuna faida gani, hatari gani, na njia nyingine ni ipi. Nilimuuliza mambo 3: ukinifanyia hivi nini kinaweza kuharibika, nisipofanyiwa itakuwaje, na nitajuaje kama hainisaidii? Alijibu yote. Kwa kuwa nilikuwa na dalili za neva, alisema hatausukuma kwa nguvu upande ule, ataanza kwa njia ya polepole. Nilimwamini zaidi kwa alichokataa kufanya kuliko kwa alichofanya.

Shingo nataka niitaje peke yake. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni. Kuna taarifa za watu waliopata mpasuko wa mshipa na kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Ni nadra, lakini ni jambo kubwa, na mgonjwa anastahili kuambiwa kabla. Ukiumwa kiuno hakuna sababu ya kukubali shingo yako ivunjwevunjwe "kwa kuwa uko hapa tayari". Na kama umekuja na maumivu ya shingo au kichwa yaliyoanza ghafla, usiyowahi kuyapata, yenye kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au shida ya kumeza, wewe ni wa hospitali sasa hivi. Dalili hizo zikitokea baada ya tiba, ni vivyo hivyo.

Kusema hapana hakumvunjii mtu heshima. Sema, "Hilo la shingo naomba tuliache," na liachwe.

Kitandani

Kitanda chenyewe ni chembamba, kina tundu la uso ili ulale kifudifudi bila kugeuza shingo. Kwa kiuno, mara nyingi utalazwa ubavu, mguu wa juu umekunjwa, mkono mmoja wa mtaalamu begani, mwingine nyongani. Atakuambia pumua. Unapotoa pumzi unakuja msukumo mmoja, mfupi. Utasikia "ko!" na moyo utaruka. Si mfupa uliovunjika wala pingili iliyorudi mahali pake: ni gesi ndani ya ule ute wa kiungo, kama unapovunja vidole vya mkono. Isiposikika, tiba haijashindwa.

Wengine hutumia kifaa kidogo cha mkononi kinachogonga taratibu, au kitanda ambacho kipande chake hushuka ghafla kidogo. Mimi nilipata kusukumwa polepole, kuvutwa mguu, na kukandwa misuli ya nyonga. Sikusikia mlio wowote. Kwa jumla ziara ya kwanza ilikula kama saa nzima, na mkono ulikuwa mgongoni kwa dakika 10 hivi.

Siku mbili za mwanzo

Kuuma kama uliyelima kutwa ni kawaida, kwa siku 1 au 2, pamoja na uchovu au kichwa kidogo. Tembea. Usibebe ndoo kichwani, usipakie gunia, usipande bodaboda ya barabara ya makorongo kama unaweza kukwepa. Usisafiri kurudi Kigoma siku hiyohiyo.

Kisicho kawaida: ganzi mpya, mguu kulegea zaidi ya ulivyokuwa, maumivu yanayozidi kila siku, au shida ya mkojo. Hapo usirudi kwa aliyekutibu, nenda hospitali.

Mpango wa baadaye na pesa yako

Mpango wa kueleweka unasikika hivi: njoo mara kadhaa kwa wiki chache, fanya mazoezi haya nyumbani, kisha tutapima tena tuone kama tuendelee. Mtu wa mbali anatakiwa apewe mazoezi mengi na ziara chache, na mwambie tangu mwanzo lini unarudi Tabora ili apange kwa hesabu hiyo.

Ukitakiwa kulipia ziara 30 au 40 kwa mkupuo siku ya kwanza, aga kwa adabu uondoke. Ukiambiwa kusukuma pingili kutatibu kisukari, presha, utasa au pumu, huyo ndiye niliyesema utakutana naye. Usiache dawa zako za presha kwa neno la mtu anayenyoosha mgongo. Na mtoto mchanga anayelia usiku usimlaze kwenye kitanda kile. Mpeleke kliniki ya watoto.

Ukimaliza ziara 4 hadi 6 na ile namba yako haijashuka, wala hujaweza kufanya hata kidogo lile ulilotaka kufanya, acha. Beba maelezo yake kwa maandishi urudi hospitali ya mkoa, na kama neva inaendelea kubanwa watajua kama upewe rufaa ya Bugando au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Omba maandishi hayo hata kama umepona. Mgonjwa wa mbali asitembee na historia yake kichwani peke yake.

Mimi nilikwenda mara 4. Namba yangu ilitoka 7 ikafika 3, na umeme wa mguuni ukakoma baada ya kama miezi 2, ingawa sina uhakika ni mikono yake tu au ni mazoezi pia, maana niliyafanya kila alfajiri bila kuruka. Aliporudia kunitazama nimekaa "kwenye cherehani" pale kitini kwake, aliniambia meza yangu iko chini mno kwa urefu wangu. Niliporudi Tabora nilimwita seremala akaongeza vipande vya mninga chini ya miguu ya meza, upana wa kiganja kimoja, na kiti nikakiwekea mto wa kiunoni nilioushona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Kila nusu saa kengele ya simu inalia, nasimama, nazunguka meza mara 2, nakaa tena.